Namba ya Mwenyekiti

Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, nayo ikaita tena, huku mimi nikitabasamu peke yangu dukani kama mtu aliyeokota dhahabu, maana maneno niliyokuwa nayo mdomoni yalikuwa matamu na sikuwa nimezoea kubeba maneno ya namna hiyo. Mara ya tatu mtu alipokea. Hakusema halo. Nilisikia kuku, nikasikia lori likishusha gia barabarani, kisha nikasikia mwanamke akivuta pumzi.

"Mama Kato," nilisema, "ni mimi Semei, mwenyekiti, kutoka Juba."

Simu ilianguka. Nilijua imeanguka chini kwa sababu kuku walianza kusikika kwa karibu zaidi. Halafu yule mama akapiga ukunga. Katika miaka yangu ya uenyekiti nilikuwa nimeshausikia ukunga ule kwa wanawake wa karibu kila upande wa Uganda, na wote huupiga kwa namna ileile. Nikasikia majirani wakikimbilia pale, mlango ukigongwa ukutani, mtu akiuliza amekufa nani. Nami nilikuwa nimesimama dukani kwangu Nyakuron, kati ya mikanda ya feni na makopo ya oili, nikiiambia simu, "Mama, ngoja kwanza, Kato amepatikana, Kato mzima," na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameishika.

Mteja aliyekuja kununua plagi aliirudisha mezani taratibu. Akaniambia pole, akaondoka.

Mimi cheo hiki sikukiomba. Nilizaliwa Busia, pale mpakani, nikala ujana wangu Mombasa nikipakua makontena, na nilipofika Juba, Sudan Kusini, na spea zangu nilitaka tu kuuza nipate karo ya binti yangu Pearl. Lakini Waganda wa hapa ni wengi, wauza matoke, mafundi, wasusi, waendesha boda, na kila walipogombana au kukamatwa walimtafuta mtu anayeweza kuzungumza na askari bila kupandisha sauti. Nilikuwa na Kiswahili, nikaokota Kiarabu cha Juba, na mbele ya duka langu kulikuwa na benchi. Wakanichagua mwenyekiti wao. Kwa cheo hicho naingia kwenye baraza la mtaa kuwasemea wageni, tunakaa na masultani, machifu wa hapa, na akina mama wa kamati tukijadili takataka, visima, na vibanda vilivyosogea mpaka katikati ya barabara. Nikitoka huko naenda kituoni kuomba pikipiki ya mtu iachiwe. Hizo ndizo kazi zinazotajwa siku ya kupiga kura.

Ile nyingine haitajwi. Mganda akifa Juba, mwenyekiti ndiye anayepiga simu kwao.

Aliyenitangulia, mzee mmoja wa Tororo aliyeitwa Opio, alinikalisha chini akanifundisha namna. Mtu hapigwi na kifo usoni, alisema. Simu ya kwanza unawaambia anaumwa kidogo, hakuna shida, yuko na watu. Unawaacha wapumue. Simu ya pili unasema hali imebadilika, waombe. Simu ya tatu unamtaka mwanamume mtu mzima, unamwambia aketi, na kufikia hapo anajua tayari, na amekwisha kumweka mtu karibu na mama wa kumshika asianguke. Ilikuwa heshima, na bado naiona ni heshima. Nilifanya vile kwa ajali za boda, kwa malaria, kwa risasi za wezi, kwa mama mmoja aliyefia katika uzazi akiwa ameshika mkono wangu kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumshika.

Sikufikiri kwamba watu wanajifunza. Kumbe wanajifunza. Kutoka Arua mpaka Masaka walianza kuihifadhi namba yangu kwenye simu zao, si kwa ajili ya kunipigia bali wajue ni nani anayewapigia. Simu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja. Nikisema anaumwa kidogo wanaangua kilio. Mwishowe jina langu pekee lilitosha.

Hapa Juba nako mambo hayakuwa afadhali. Nikiingia kibandani kula chapati, watu wanaacha kutafuna, wanatazamana kuona ni nani hayupo. Harusini nilialikwa, siwezi kusema sikualikwa, ila bwana harusi mmoja alinivuta kando akaniomba kwa adabu zote nisikae safu ya mbele kwa sababu mama mkwe amesafiri kutoka nyumbani na ananijua. Nilikaa nyuma karibu na masufuria. Chakula kilikuwa kizuri, na nilikila haraka nikarudi zangu mtaani Hai Malakal, hapahapa Juba, kwenye chumba changu, nikafungua redio ili pawe na mtu anayeongea.

Na Pearl. Tangu mama yake alipotutoka ni mimi na yeye tu, yeye Mbale chuoni, mimi huku. Siku moja aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba, usikasirike. Kabla hujapiga uwe unanitumia meseji, uandike tu hakuna kitu. Nikiona namba yako naogopa kupokea." Sikukasirika. Nikawa naandika, hakuna kitu, halafu nasubiri kidogo, halafu napiga. Lakini jaribuni wenyewe mwone. Ukishamwandikia mwanao kwamba hakuna kitu, unampigia umwambie nini? Nikajikuta napiga mara chache, kisha chache zaidi.

Ndiyo maana nilimpenda Kato. Alikuwa fundi wa injini, kijana mwenye mdomo usio na breki, na alikuwa mtu pekee katika Juba nzima aliyeingia dukani kwangu akicheka. "Mzee, leo umezika nani?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Anakaa kwenye benchi, ananywa soda yangu bila kuomba, anaisema bei ya spea zangu kuwa ni ya wizi, anaondoka na ile aliyoijia. Siku asipokuja nilikuwa nachungulia barabarani.

Kisha akapata kazi kwenye tishali moja kubwa linalobeba mizigo mtoni kutoka bandari ya hapa kwenda kaskazini, akae na injini zake, waende mji wa Malakal warudi. Safari yenyewe ilikuwa ya wiki chache. Wiki zikapita, mwezi ukapita na mwingine, simu yake ikawa haipatikani. Kwao ni Bugiri, pale malori yanapolala, ambako mama yake, Namukasa, huwapikia madereva. Hakuthubutu kunipigia mwenyewe. Alimtuma shemeji yake, Fred, ndugu wa marehemu mumewe, aniulize kama nimesikia lolote, na Fred akaniuliza kama mtu anayegusa chungu cha moto.

Nilimtafuta kijana yule. Nilipita wodini nikitazama nyuso, nikapita mahabusu, nikashinda bandarini jua likinichoma utosi. Kila nilipokunja kona nilijiandaa kumwona amelala chini ya shuka, na nilijiambia kwamba huyu, Mungu wangu, huyu sitaweza kumpigia simu mama yake. Mpaka asubuhi moja Aleer, karani wa bandari, mtu wa maneno machache, akaniita kutoka dirishani. Alikuwa ametoka Malakal. Alisema amemwona Kato huko kwa macho yake, kijana amenenepa. Injini ilikufa wakasubiri kifaa mpaka wakachoka, na simu yake ilitumbukia mtoni na namba zake zote. Sasa wameng'oa nanga wanarudi, lakini huko katikati ya matete hakuna mtandao mpaka wakaribie mji wa Bor.

Nilitoka pale nikitembea kama nimepungua umri. Ningeweza kumpigia Fred, na kwa kawaida ningempigia Fred. Ila sikutaka. Nilitaka kumpigia mama mwenyewe. Nilitaka, mara moja tu katika kazi hii, nimsikie mama wa mtu akifurahi kwa sababu ya sauti yangu. Ndipo nikapiga, na hayo mengine nimekwisha kuyasimulia.

Ukunga ulipozidi nilikata, nikampigia Fred. Alipokea upesi.

"Fred, msilie. Kato ni mzima. Simu yake ilianguka mtoni, yuko kwenye tishali, hana network."

"Asante, Mwenyekiti. Tumeelewa."

"Mmeelewa nini?"

"Mwili unatoka lini huko?"

"Fred, nisikilize. Hakuna mwili."

"Hata mwili hakuna?" Sauti yake ilikatika. Nikamsikia akigeuka kuwaambia wenzake kwamba kijana amezama mtoni na mwili haujapatikana, na nyuma yake nyumba nzima ikalipuka kwa kilio upya.

Nilibishana naye mpaka jasho likanitoka. Nikaapa. Nilipoapa kwa kaburi la mke wangu akaniambia kwa upole uliouma kuliko tusi, "Mzee, sisi hatukulaumu. Tunajua ndivyo mnavyofanya, mnatuzoesha polepole. Lakini kwa huyu mama hakuna haja tena. Ameanguka, tumempeleka kliniki, presha imepanda, na dawa anakataa kumeza. Anasema ameze ya nini." Halafu akaniambia kwamba kwa kuwa mwili haupo, watafanya kama wanavyofanya kwao mtu akipotelea majini: watachimba kaburi na kuzika shina la mgomba badala yake. Jumamosi. Kama nina shati la Kato, nilitume na basi.

Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Ukishazikiwa mgomba, kwenu umeondoka. Hata ukirudi kwa miguu yako, wako watakaokutazama kwa jicho la pembeni mpaka uzeeke. Lakini si Kato aliyenikosesha raha. Kato alikuwa anakula samaki kwenye tishali lake. Aliyekuwa anakufa ni mama yake, kitandani Bugiri, kwa kuipokea habari njema.

Niliandika meseji, hazikujibiwa. Nikamwendea Kizza, fundi mwenzake Kato, nikamwomba ampigie Fred kwa simu yake. Kizza ni mlokole. Akapiga, akasema Kato yuko hai, bwana asifiwe, na Fred akamuuliza swali moja tu: umemwona kwa macho yako? Kizza akaniangalia. Akasema, "Hapana, ni mwenyekiti aliniambia." Ikawa imekwisha hapo. Nilitamani kumlaumu, ila mtu huwezi kumlaumu mwenzako kwa kukataa kusema uongo, hasa wewe ambaye umefanya kazi ya kusema hakuna shida.

Kesho yake nilirudi bandarini nimtafute Aleer, yeye aliyemwona. Nikaambiwa ameondoka alfajiri kwenda Bor, na simu yake haipatikani. Nilikaa juu ya debe tupu, na nakiri machozi yalikuwa karibu. Nilikuwa mwakilishi wa maelfu ya watu katika mji ule na hapakuwa na hata mmoja ambaye neno langu lilikuwa na maana kwake.

"Wewe si ndio mkubwa wa Waganda?"

Alikuwa Abang, mama chai wa pale bandarini, mwanamke mrefu wa hapa nchini aliyelelewa Kakuma na Kitale, huko Kenya, kabla ya kurudi. Mikono ameiweka kiunoni.

"Ndiye mimi," nikasema. "Lakini leo sina nguvu za kesi, dada."

"Mimi niko na kesi, na utaisikia. Kijana wako Kato alibeba sufuria yangu. Ile kubwa ya chai. Ati ni trip moja tu, ati anapikia wenzake. Mpaka wa leo napika na kasufuria ka mtoto, watu wanakunywa chai nusu kikombe wananiangalia. Huyo kijana akirudi nitamshika shati. Na kama ningekuwa na namba ya mamake ningemwambia venye amelea."

Nikamtazama. Nilimtazama mpaka akashusha mikono kutoka kiunoni, akidhani labda nimeugua.

"Mwambie," nikasema. "Mwambie mama yake, hivyohivyo."

"Nipe simu basi."

Nilikuwa nimekwisha kuitoa. Nikairudisha mfukoni. "Piga na yako," nilimwambia. "Na usinitaje."

Nilimsomea namba ya mama Kato. Simu ikaita kidogo tu, mtu akapokea, na Abang akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Sauti iliyosema halo ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelala.

"Wewe ndio mama ya Kato? Mimi naitwa Abang, niko bandarini Juba. Mama, nataka uongeleshe kijana wako. Amebeba sufuria yangu kubwa akaenda nayo Malakal, na hakuniambia atakaa huko kama ameoa. Kijiko kile cha mti pia ameenda nacho."

"Sufuria?"

"Sufuria, mama. Na unajua juzi ametuma salamu na watu wa boti ingine? Ati waniambie niongeze sukari kwa chai. Sufuria ako nayo yeye, na sukari niongeze mimi. Huyo kijana wako ako na mdomo, sikudanganyi."

"Iko na mdomo," yule mama akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha madereva. "Tangu iko mdogo. Hata mimi, alichukua sufuria yangu, akaenda kupika na marafiki. Haikurudi." Nikasikia kitanda kikilia, kama mtu anayejiinua. "Wewe, mwanangu, unamkasirikia?"

"Sana."

"Kasirika," alisema. Sasa alikuwa analia na kucheka pamoja, maneno yakimtoka vipandevipande. "Kasirika sana. Akifika, mpige. Sema mama yake ndiyo imesema. Asante, mwanangu, asante."

Marehemu hakasirikiwi hivyo, hata mtoto mdogo angejua. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale, kiganja nimekiweka mdomoni, nikiogopa hata kukohoa. Nilimsikia Namukasa akiita mtu amletee uji. Nilimsikia akiuliza vile vidonge viko wapi. Nilifurahi sana, na furaha ile sikuwa na mtu wa kumgawia, kwa sababu Abang alikuwa amefunga simu na kurudi kwenye jiko lake.

"Umeona?" aliniambia. "Hata hajasema ataninunulia ingine."

Kaburi lilikuwa limefika kiunoni, niliambiwa baadaye. Walilifukia siku ileile, na mgomba waliokuwa wameukata wakawapa ng'ombe. Fred aliniandikia maneno mawili, Mungu mkubwa. Hakupiga.

Siku tishali lilipoingia nilifunga duka. Nilivaa shati langu la mikutano ya baraza, nikanunua soda ile anayoipenda, nikasimama ukingoni pamoja na akina mama waliokuwa wanangoja magunia ya samaki wakavu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokwenda kumpokea mtu akiwa na uhai wake. Nilikuwa nimejitayarishia hata utani, nimuulize yeye safari hii amezika nani.

Alitokea juu ya sitaha amejitwika sufuria kichwani, amenenepa kweli, anawatania wapagazi. Akaanza kushuka kwenye ubao. Katikati ya ubao akaniona.

Alisimama. Wa nyuma yake wakamsukuma, akashuka hatua zilizobaki bila kutazama anakokanyaga, akaitua sufuria chini.

"Ni mama?" aliniuliza.

"Hapana, Kato. Mama hajambo. Nimekuja kukupokea tu."

"Mzee, niambie. Usinizungushe."

"Mama ni mzima, nakuambia. Hakuna kitu."

Akaketi chini, palepale kwenye tope, kati ya miguu ya wapagazi. "Ndivyo mnavyoanzaga," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Soda ilikuwa mkononi mwangu na sikujua niiweke wapi. Nilijaribu kumshika bega, akalitoa. Abang ndiye aliyetuokoa. Alikuja kuichukua sufuria yake, akaikagua ndani na nje, akamwona kijana alivyo, akaniona mimi, na bila kuuliza akapiga namba Bugiri akamwekea Kato simu sikioni. Namba ya Abang sasa ilikuwa inapokelewa kabla haijaita vizuri.

Nilimwona akirudi katika mwili wake. Mabega kwanza, kisha macho, kisha yale meno. Mama yake alikuwa anapiga vigelegele, nilivisikia kutoka nilipokuwa, nikasikia na majirani wakivipokea, na Kato akaanza kusema ovyo kwa Kiganda, kuhusu samaki, kuhusu mbu wa huko, kuhusu sufuria ambayo imerudi salama kuliko yeye. Aliinuka kutoka kwenye tope akawa anatembeatembea. Nami nikasogea karibu, nikicheka, labda nilikuwa nimenyoosha mkono nikitaka na mimi nimsalimu mama.

Kisha mama yake alimuuliza, kama kila mama anavyouliza, uko na nani hapo.

Kato akanitazama. Nikaona jinsi alivyofikiri, na jinsi alivyonionea huruma, na jinsi alivyompenda mama yake.

"Niko peke yangu, mama," alisema.

Nilimwitikia kwa kichwa kwamba amejibu vyema, nikasogea kando ili aendelee kuongea.